Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kuvuna mafuta yaliyobaki kwenye visima vilivyochoka

Kila habari ya mafuta ya Uganda, Turkana au Oman inapotoka, maswali ni yaleyale: yatadumu miaka mingapi, yakiisha itakuwaje, na kwa nini maji yanapelekwa chini wakati tunataka mafuta yaje juu. Majibu yameanza na misingi. Mambo yenye utata yako mwishoni. Jambo likishaelezwa sehemu moja, kwingine utaelekezwa tu.

## Misingi

Wakisema kisima "kimeisha", mafuta yameisha kweli?

Hapana. Kwa wastani wa dunia, mafuta yanayotolewa ni kama theluthi moja ya yale yaliyomo. Theluthi mbili hubaki chini. Kinachoisha kwanza ni shinikizo linaloyasukuma, na baada ya hapo huisha faida: gharama ya kulitoa pipa hupita bei ya kuliuza, kampuni inafunga.

Mfano wa karibu ni Ziwa Albert, Uganda. Serikali inataja mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini na kama bilioni 1.4 yanayotarajiwa kutolewa. Ni zaidi kidogo ya moja ya tano. Kwenye hesabu ya namna hiyo, asilimia moja tu ya nyongeza ni mapipa milioni 65. Asilimia hiyo wataalamu huiita kiwango cha uvunaji, na kwa maoni yangu ndiyo namba ambayo wananchi wa nchi yenye mafuta wangepaswa kuijua kuliko namba nyingine yoyote. Magazeti hutangaza bilioni 6.5 na kuishia hapo.

Mafuta yanakaaje huko chini? Ni ziwa?

Si ziwa wala pango. Mafuta yamejificha ndani ya vitundu vya mwamba: mchanga ulioshikamana ukawa jiwe, au chokaa. Ukikishika kipande cha mwamba huo mkononi utaona jiwe la kawaida. Ukikiweka chini ya hadubini ndipo unaona chembe za mchanga, na katikati yake nafasi ndogo zenye maji ya chumvi, mafuta, na wakati mwingine gesi. Vitundu vikiwa vimeunganishwa, mafuta husogea. Visipounganishwa, yanabaki hata ukichimba visima mia.

Kwa nini mengi hivyo hubaki?

Kuna sababu mbili, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza iko ndani ya kitundu chenyewe. Maji yanapopita hukata mafuta vipande vipande, na tone likifika kwenye njia nyembamba hukwama. Mvutano kati ya maji na mafuta hulishikilia tone hilo, na kusukuma zaidi hakusaidii.

Ya pili ni kupitwa. Mwamba si wa namna moja: pana tabaka linalopitisha kwa urahisi, pana lingine gumu, pana nyufa. Maji hufuata njia rahisi. Mafuta yakiwa mazito kuliko maji, yaani yanatiririka kwa shida, ndiyo hatari zaidi, kwani maji huchomoza mbele kama vidole, yakakifikia kisima cha uzalishaji huku pande zote mbili yakiacha mafuta ambayo hayakuguswa.

Hatua za uvunaji ni zipi?

Fikiria kukamua nazi. Tui la kwanza linatoka zito, kwa nguvu ya mkono tu. Kisha unatia maji, unakamua tena, unapata tui jepesi. Kwenye machicha bado mna mafuta, lakini sasa utahitaji maji ya moto na kazi zaidi.

Kwa mafuta ya petroli, hatua ya kwanza hutegemea shinikizo la asili na pampu. Hatua ya pili ni kuingiza maji au gesi ili shinikizo lisishuke. Ya tatu hubadilisha tabia yenyewe ya mafuta au ya maji: joto, kemikali, au gesi inayochanganyika na mafuta. Ila mpangilio huu usikufunge. Kuna maeneo ambayo hatua "ya tatu" huanza siku ya kwanza, kwa sababu mafuta yake hayatoki kwa njia nyingine.

## Njia zinazotumika

Kuingiza maji ni uvumbuzi wa lini?

Ulianza kwa bahati mbaya. Huko Bradford, Pennsylvania, katika karne ya 19, maji yalipenya kwenye visima vibovu na kushuka hadi kwenye mwamba wa mafuta. Watu wakaona visima vya jirani vinaongeza uzalishaji. Sheria ilikataza kuachia maji yaingie, hivyo wengine walifanya kwa siri, mpaka mwaka 1921 jimbo liliporuhusu.

Leo hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote. Mfano ninaoupenda ni Ekofisk, uwanja wa mafuta wa Norway katika Bahari ya Kaskazini, uliogunduliwa mwaka 1969. Mwamba wake ni chokaa laini. Shinikizo liliposhuka mwamba ulijikunja, sakafu ya bahari ikazama, na mwaka 1987 majukwaa ya chuma yalilazimika kuinuliwa mita 6. Mwaka huohuo kuingiza maji kulianza kwa kiwango kikubwa. Matarajio ya awali yalikuwa kutoa kama asilimia 17 ya mafuta. Sasa yanahesabiwa kufika karibu nusu.

Polima inafanya nini?

Inayafanya maji yawe mazito. Ni unga, aina ileile ya kemikali inayotumika pia kusafisha maji ya mijini. Huchanganywa mara nyingi kilo moja au mbili kwa kila mita ya ujazo ya maji, na maji hayo huanza kuvutika. Vile "vidole" nilivyovitaja hupungua: maji mazito husukuma mafuta kwa safu pana badala ya kuyapita.

Adui zake ni chumvi, joto na msukosuko. Maji ya chumvi hukunja nyuzi za polima na uzito hupotea. Pampu au valvu kali huzikatakata. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kutafuta maji yasiyo na chumvi nyingi na kuyapitisha taratibu. China imefanya hivi kwa upana mkubwa huko Daqing tangu miaka ya 1990. Oman inafanya hivyo Marmul, kusini mwa nchi: majaribio yalikuwa miaka ya 1980, mradi kamili ukaanza mwaka 2010. Kwa miaka ishirini na kitu teknolojia ilikuwepo. Kilichokosekana ni bei ya mafuta inayolipa gharama.

Na mvuke?

Mvuke ni kwa mafuta mazito, yale ambayo ukiyamimina hayataki kushuka. Yakipata joto huwa mepesi mno kuliko yalivyokuwa. Kern River, California, uliogunduliwa mwaka 1899, ulikuwa umezeeka mvuke ulipoletwa miaka ya 1960, na uzalishaji ukapanda upya.

Kuna namna mbili kuu. Kwenye ya kwanza kisima kimoja hupewa mvuke, hufungwa siku kadhaa mwamba upate joto, kisha huzalisha. Kwenye ya pili mvuke huingia kisima kimoja na mafuta hutokea kingine. Kila pipa la mafuta hudai mapipa kadhaa ya maji yaliyogeuzwa mvuke, kwa hiyo mafuta yenyewe unayalipia kwa nishati. Na kwenye kina kirefu mvuke hupoa njiani kabla haujafika.

Gesi inaingizwaje, na kwa nini kaboni dioksidi?

Shinikizo likiwa la kutosha, kaboni dioksidi huyeyukia ndani ya mafuta. Mafuta huvimba, hulainika, na ule mvutano unaolishikilia tone kwenye kitundu hupungua sana, pengine hutoweka kabisa. Ndiyo maana gesi hufikia mafuta ambayo maji hayawezi kuyang'oa. Gesi nyepesi za kisimani nazo hufanya hivyo penye shinikizo kubwa.

Mradi mkubwa wa mwanzo ni SACROC, Texas, ulioanza mwaka 1972. Kawaida gesi na maji huingizwa kwa zamu, kwa kuwa gesi peke yake ni nyepesi mno na hukimbilia juu ya tabaka. Nyongeza inayopatikana mara nyingi ni kati ya asilimia 5 na 15 ya mafuta yaliyokuwemo. Habari ya mazingira iko kwenye sehemu ya mwisho.

Nimesikia pia sabuni na bakteria.

Kemikali za jamii ya sabuni hupunguza mvutano kati ya maji na mafuta, na zikitiwa pamoja na magadi na polima matokeo ni mazuri. Kasoro yake ni bei, na mchanganyiko wa povu unaotoka juu ambao ni mgumu kutenganisha. Bakteria wamejaribiwa sehemu nyingi bila kuwa njia kuu popote.

Kampuni inachaguaje?

Huangalia uzito wa mafuta, kina, joto, chumvi ya maji, aina ya mwamba, na kilichopo karibu: gesi, maji, jua, bomba. Kabla ya yote, hutazama kama kuna njia rahisi iliyosahaulika. Kuchimba visima vipya katikati ya vile vya zamani, kuziba tabaka linalotoa maji tupu, kubadilisha pampu: mengi ya mafuta ya ziada duniani yamepatikana kwa kazi hizi zisizotangazwa.

## Oman

Kwa nini Oman hutajwa kila mara?

Kwa sababu haikuwa na mafuta rahisi kama jirani zake, na haikungoja. Mwaka 1967 ndipo meli ya kwanza ya mafuta ya Oman ilipoondoka. Karibu na mwaka 2000 nchi ilikuwa inazalisha kama mapipa 960,000 kwa siku, kisha ikateremka hadi karibu 710,000 mwaka 2007. Yibal, uliogunduliwa mwaka 1962 na kuwa tegemeo kubwa, ulichimbwa visima vingi vya mlalo miaka ya 1990. Uzalishaji ukapanda, kisha maji yakafika visimani na mafuta yakaporomoka haraka. Wengi waliandika kwamba Oman imekwisha. Mwaka 2016 ilivuka mapipa milioni moja kwa siku.

Hakukuwa na dawa moja. Marmul ilitumia polima. Harweel iliingiziwa gesi inayochanganyika na mafuta, gesi yenyewe ikiwa na salfa ya sumu inayodai chuma maalumu na nidhamu kali ya usalama. Mukhaizna ilipewa mvuke: kampuni ya Occidental iliposhika uendeshaji mwaka 2005 uzalishaji ulikuwa chini ya mapipa 10,000 kwa siku, baadaye ukapita 100,000.

Qarn Alam ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Mafuta mazito yamo ndani ya chokaa iliyojaa nyufa. Ukisukuma maji, yanapita kwenye nyufa na kuuacha mwamba kama ulivyo; kwa njia za kawaida ungepata asilimia chache tu. Wahandisi wakaacha kusukuma. Wanajaza nyufa mvuke, mwamba unapata joto pole pole, mafuta yanalainika na kuchuruzika chini kwa uzito wake, na visima vinayasubiri huko chini. Nyufa zilizokuwa kikwazo ndizo zinazosambaza joto.

Ni kweli walitumia jua kutengeneza mvuke?

Kweli. Oman inahitaji gesi yake kwa umeme, viwanda na kuuza nje, na kuichoma ili kupika maji ni hasara. Huko Amal ulijengwa mradi uitwao Miraah, yaani kioo kwa Kiarabu, ambao mvuke wake wa kwanza ulitoka mwaka 2017. Vioo vyepesi vilivyopinda vimetundikwa ndani ya majengo ya vioo, kama mabanda ya kuoteshea mboga, ili upepo na mchanga visivifikie. Paa husafishwa na mashine. Kampuni iliyobuni teknolojia hiyo, GlassPoint, ilifilisika mwaka 2020, lakini hoja haikufa nayo: mahali penye jua kali, ardhi tupu na mafuta mazito, joto la jua linaweza kuchukua nafasi ya gesi.

Maji machafu yanayotoka na mafuta yanakwenda wapi?

Kwenye visima vizee maji huzidi mafuta mara kadhaa, mara kumi si ajabu. Mengi husafishwa na kurudishwa chini. Nimr, kusini mwa Oman, wamefanya jambo lingine: maji hupita kwanza kwenye mitambo ya kunasa mafuta yaliyosalia, kisha hutiririka yenyewe kwenye mabwawa makubwa ya matete. Vijidudu kwenye mizizi hula mabaki ya mafuta, na maji huishia kwenye madimbwi ya kukausha chumvi. Katikati ya jangwa pameota kijani ambapo ndege wanaohama hutua. Na ule umeme uliokuwa ukitumika kuyasukuma maji kwenye visima virefu umeokolewa kwa sehemu kubwa.

## Gesi asilia

Visima vya gesi vilivyochoka navyo huongezewa nguvu?

Vinaongezewa, ila hesabu ni nyingine. Gesi hutanuka yenyewe shinikizo linaposhuka, kwa hiyo asilimia 70 hadi 90 huweza kutoka bila kuingiza chochote. Maji ndiyo tatizo: yakipanda kutoka chini hunasa gesi nyuma yake, na yakijikusanya ndani ya kisima hukiziba.

Dawa ya kwanza ni kompresa. Shinikizo la kisimani likishuka chini ya lile linalodaiwa na mitambo na bomba, kompresa hulipandisha. Songo Songo, Tanzania, gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Kompresa zilihitajika huko visima vilipoanza kupungukiwa nguvu, ili Dar es Salaam iendelee kupata gesi ileile. Dawa nyingine ni bomba jembamba zaidi ndani ya kisima, gesi ipande kwa kasi na kubeba maji, au kemikali ya kutoa povu.

Kuingiza kaboni dioksidi kusukuma gesi si kawaida, kwa kuwa gesi mbili hizo huchanganyika na lazima uzitenganishe upya.

## Afrika Mashariki

Uganda inasubiri visima vichoke ndipo iingize maji?

Hapana, na ni uamuzi mzuri. Mradi wa Tilenga una zaidi ya visima 400, na karibu nusu yake ni vya kuingiza maji, si vya kutoa mafuta. Shinikizo hulindwa tangu mwanzo. Sehemu ya maji hutoka Ziwa Albert, nayo maji yanayotoka na mafuta hurudishwa chini.

Mafuta haya yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, ni la kupashwa joto.

Na Turkana?

Mafuta ya Lokichar, yaliyopatikana kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, nayo yana nta, na mwamba wake haujanyooka. Kuingiza maji ni lazima, na mipango imetaja maji ya bwawa la Turkwel. Katika nchi ambayo mama anatembea nusu siku kutafuta maji ya ng'ombe na watoto, watu wana haki ya kuuliza kila pipa la maji linakotoka, na kama jamii zilizo njiani mwa bomba la maji hayo nazo zitapata. Swali lingine la kuuliza ni joto la maji hayo: maji baridi mno yanaweza kugandisha nta kwenye vitundu vya mwamba, na hasara yake hairekebishiki kirahisi.

## Pesa, mazingira na mambo yenye utata

Nani hulipia gharama?

Kwenye mikataba ya kugawana uzalishaji, mwekezaji hurudishiwa gharama kutoka kwenye mafuta kabla ya kugawana faida. Polima, mitambo ya mvuke na visima vya kuingiza hulipiwa mapema, ila mafuta ya ziada huja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo mkataba unaokaribia kuisha humfanya mwekezaji asite kuanza, kwani matunda yatamkuta mwingine. Muda wa leseni unapojadiliwa, hapo ndipo kiwango cha uvunaji kinapoamuliwa kimyakimya.

Uzalishaji ukipanda, maana yake mafuta yameongezeka?

Si lazima. Cantarell, Mexico, ilianza kuingiziwa naitrojeni mwaka 2000. Kufikia 2004 ilipita mapipa milioni mbili kwa siku. Miaka minane baadaye ilikuwa chini ya nusu milioni. Kazi ya kihandisi haikufeli. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya mafuta ya baadaye yalivunwa mapema, na bajeti ya taifa ilikuwa imezoea kilele. Ukionyeshwa mchoro wa uzalishaji unaopanda, dai uonyeshwe na jumla inayotarajiwa mpaka mwisho.

Kuingiza kaboni dioksidi kunasaidia tabianchi?

Inategemea gesi imetoka wapi. Weyburn, Kanada, tangu mwaka 2000 inatumia gesi ya kiwanda cha makaa ya mawe kilichoko North Dakota, iliyokuwa ikipotelea hewani, na sehemu kubwa yake hubaki ardhini. Lakini Texas sehemu kubwa imetoka kwenye mashapo ya asili kama McElmo Dome, Colorado: gesi iliyokuwa imetulia chini tangu zamani huchimbuliwa na kuzikwa kwingine. Hapo hewa haijapata nafuu yoyote. Tena pipa moja likichomwa hutoa kama tani 0.4 za kaboni dioksidi, na hizo lazima zihesabiwe. Anayekuambia kwamba mafuta hayo ni "safi", mwombe hesabu nzima.

Shinikizo likiachwa lishuke tu, kuna madhara?

Ekofisk imeshatajwa. Groningen, Uholanzi, ni onyo jingine. Ilikuwa gesi, hakukuwa na kitu kilichoingizwa kujaza nafasi yake, mwamba ukasinyaa na mipasuko ya zamani ikaamka. Mwaka 2012 tetemeko la ukubwa wa 3.6 lilipasua nyumba huko Huizinge, na mwaka 2024 uzalishaji ulifungwa moja kwa moja. Upande wa pili, kuingiza maji kwa nguvu kupita kiasi nako huamsha mipasuko. Kipimo cha mitetemo kinatakiwa kiwepo kabla ya kazi kuanza, ili ijulikane hali ya kawaida ilikuwaje.

Kisima kilichokwisha kuzibwa kinaweza kufunguliwa?

Kinaweza, saruji ikatobolewa na bomba likapimwa, ila mara nyingi kuchimba kipya huwa rahisi na salama. Hatari kubwa ni visima vizee vilivyo jirani. Ukiingiza gesi au maji kwa shinikizo, kisima kilichozibwa vibaya miaka hamsini iliyopita hugeuka njia ya kupandia juu, hadi kwenye maji ya kunywa. Ndiyo maana kabla ya mradi wa kuvuna upya, kazi ya kwanza huwa ofisini, kwenye mafaili: kila kisima kilichowahi kuchimbwa, saruji iliishia mita ngapi, nani alisaini. Faili likikosekana, kisima hicho hutafutwa ardhini, hupimwa na huzibwa upya kabla pampu hazijawashwa.